Kozi Isiyo na Wanafunzi

Nanzala Murunga alianza kutafuta kisasi kabla hajaanza kutafuta shahada, na ukitaka ukweli mtupu, kisasi ndicho alichokisomea kwa bidii zaidi. Yeye alitaka uuguzi. Alama zake zikagoma kufika huko, na mitambo ya serikali ya kugawa wanafunzi vyuoni ikamtupa kwenye falsafa, kitu ambacho pale kwao Kiplombe hakuna aliyejua kinaliwa na nini. Majirani walipomuuliza baba yake binti anasomea nini, mzee alijibu kwa heshima zote kwamba anasomea kufikiri, na majirani wakauliza kama nyumbani hawezi kufikiri. Nanzala alilia, akaapa kwamba muhula wa kwanza ukiisha ataomba kuhamishwa. Kisha siku ya kuripoti akasimama mbele ya ofisi za idara, akasoma majina ya walimu yaliyobandikwa mlangoni, akaona jina la Daktari Sitati. Machozi yakakauka pale pale. Hakuomba tena kuhamishwa.

Sasa ilikuwa wiki ya kuchagua masomo ya mwaka wa nne. Wanafunzi wa falsafa walikuwa wametapakaa kwenye nyasi za chuo, simu mkononi, wakiulizana ni mwalimu gani anayetoa alama kwa moyo mkunjufu na ni yupi anayezitoa kama anayeng'olewa meno. Masomo mengi yalikuwa ya lazima, hayo hayakuwa na mjadala. Nafasi moja tu ilikuwa ya hiari. Uchague Falsafa ya Haki, ya Daktari Sitati, au uchague Falsafa ya Dini, ya mwenyekiti wa idara, Daktari Wangeci, mama asiyejua utani wala kuchelewa. Kila mwaka Haki ilifurika na Dini ikapata wacha Mungu wachache. Sitati alikuwa na mdomo mtamu. Angeweza kukueleza maana ya haki kwa mfano wa mama muuza nyanya na askari wa kaunti hadi ukacheka na usisahau tena.

Lakini Sitati alikuwa mwalimu wa kibarua. Chuo kilimlipa kwa kozi: akifundisha ana lake, asipofundisha hana. Muhula huo alikuwa amepewa kozi moja tu, hiyo hiyo ya Haki. Na sheria ya idara ilikuwa wazi kwamba kozi ya hiari isiyofikisha wanafunzi kumi inafutwa, na mwenyewe anaambiwa ajaribu tena mwaka ujao. Nanzala alikuwa mwakilishi wa darasa. Sheria hiyo aliijua kama anavyojua jina la mama yake.

Basi akaanza kazi. Hakusimama mbele ya darasa kutangaza chochote. Alimwendea kila mmoja kivyake, kwenye foleni ya chai, kwenye ngazi za maktaba, akaongea kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma. Alimkumbusha Joy kwamba mwaka uliopita alama zake za somo la Sitati hazikuonekana hadi likizo. Alimuuliza Byron kama anataka kufika siku ya mahafali, wazazi wametoka Bungoma na kuku wamechinjwa, kisha jina lake likose kusomwa kwa sababu ya alama moja isiyoonekana kwenye mtambo. Alama kupotea ni ugonjwa ambao kila mwanafunzi anauogopa kuliko malaria.

Kila alichosema kilikuwa kweli. Alichokificha ni kwamba alama hazikupotea bali Sitati alizishikilia, na alizishikilia kwa sababu alikuwa hajalipwa mihula kadhaa, na walimu wa kibarua karibu wote hufanya hivyo kwa kuwa hawana silaha nyingine. Hilo Nanzala alilijua vizuri, akalifungia mdomoni. Kufikia Ijumaa darasa zima lilikuwa limejiandikisha Dini, isipokuwa Nur peke yake.

*

Nur alikuwa mtoto wa mwenye duka la mazulia mjini, kijana mpole anayevaa shati lililopigwa pasi hata siku za mvua. Alitaka kwenda kusomea sheria baada ya shahada, na kwake Falsafa ya Haki haikuwa kozi ya kuokota alama. Alikuwa pia rafiki wa pekee ambaye Nanzala hakuweza kumdanganya. Walikaa kwenye ukuta mfupi nyuma ya kumbi za mihadhara, wakila mahindi ya kuchoma, na Nanzala akamwambia yote.

Mwaka ule aliomaliza shule ya upili, baba yake, Murunga, alikuwa akimjengea Sitati ukuta wa kuzunguka kiwanja chake Kiplombe. Hawa wawili hawakuwa mwajiri na fundi tu. Walikuwa bakoki, wanaume waliotahiriwa msimu mmoja, wakauguza vidonda katika kibanda kimoja. Kwa Wabukusu, bakoki wa baba yako ni baba yako. Nanzala alikua akimwita Sitati baba, na Sitati akija anamletea pipi. Siku moja Sitati alimkuta Murunga nyumbani kwake mwenyewe akikandika kwa udongo sakafu ya chumba cha wageni, akamwambia achukue nusu mfuko wa simiti kule kiwanjani akamalizie sakafu. Alimpa kwa mkono wake. Wiki iliyofuata mifuko kadhaa ya simiti ikakosekana. Mke wa Sitati akaita wazee wa mtaa na naibu wa chifu, wakapekua nyumba za mafundi, na kwa Murunga wakakuta ule nusu mfuko.

"Wakambebesha kwa bega," Nanzala alisema. "Kutoka kwetu mpaka kwa chifu. Na kulikuwa kunanyesha. Simiti ikamshikia kwa shati. Watoto nyuma, wanaimba."

Pale kwa chifu, naibu alimgeukia Sitati akamuuliza: Daktari, huu mfuko ulimpa wewe? Watu wote wakamtazama. Sitati akaangalia paa la mabati. Akaangalia, akaangalia, na hakusema kitu. Kimya chake kikatosha. Murunga aliamriwa amalize ukuta bila malipo, naye akaumaliza, jiwe kwa jiwe, wapita njia wakimcheka. Tangu siku hiyo Kiplombe nzima ikamwita Mzee Nusu Mfuko. Mkewe akawa Mama Nusu. Na kila asubuhi pale njia panda ambapo mafundi hukaa na vifaa vyao wakingoja wasimamizi wa mijengo waje kuwachukua, Murunga alikaa na mwiko wake hadi jua likapanda, wenzake wakaondoka, akarudi nyumbani. Nani angempa mwizi wa simiti simiti ya kuchanganya?

Nur alilitupa gunzi lake kando. Kisha akasema, "Sasa unataka nini kutoka kwake? Niambie ile kitu yenyewe."

"Aseme ukweli. Pale base ya mafundi, mbele ya watu. Si kwa simu, si kwa barua."

"Na akisema, tunarudi kwa unit yake?"

"Akisema tutaona."

"Hapana, Nanzala. Akisema na tukarudi, hiyo ni haki. Akisema na tukose kurudi, hiyo ni kisasi."

"Na kisasi iko na ubaya gani?"

Nur alipangusa mikono. Alitoa simu, akafungua ukurasa wa chuo, akabadilisha kozi yake mbele ya macho ya Nanzala. Alimwambia amefanya hivyo kwa ajili ya Mzee Murunga, si kwa ajili yake, na kwamba anategemea Jumatatu jioni kabla usajili haujafungwa atakuwa amerudi kwenye Haki. Nanzala alisema asante. Moyoni alikuwa akisikia raha ambayo hajawahi kuisikia tangu azaliwe. Falsafa ya Haki haikuwa na mwanafunzi hata mmoja.

*

Sitati alikuja Jumamosi alasiri, kwa miguu. Gari alikuwa amekwisha kuliuza, na viatu vyake vilikuwa na matope ya Kiplombe hadi kwenye vifundo. Alikuwa amebeba mfuko wa karatasi wenye sukari na mkate, kama mtu anayekwenda kuona mgonjwa.

Nasambu, mama yake Nanzala, alimwona kupitia dirishani na hakuinuka. Alimwacha abishe mpaka atosheke. Alipomfungulia hatimaye alimkaribisha kwa adabu iliyopita kiasi, akamwita Daktari, akamwonyesha kiti kilichokaa pale sakafu ya simiti inapokatika na udongo kuanzia, kwa sababu sakafu ile haikumaliziwa kamwe. Sitati aliona. Aliweka miguu upande wa udongo.

Nasambu akachemsha chai. Alimletea kikombe kilichojaa hadi ukingoni, chai nyeusi isiyo na sukari, na mfuko wa sukari aliokuja nao akaurudisha mbele yake, haujafunguliwa.

"Hii nyumba, Daktari, haipokei kitu chako," alisema. "Tulipokea mara moja. Ulisahau."

Kisha akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akashika mboga zake akaanza kuchambua, kama aliyenunua tiketi na anangoja mchezo uanze. Murunga alikuwa kwenye kiti chake cha kila siku, mikono mapajani. Hakuwa amejua lolote. Ni pale tu Sitati alipoanza kujikakamua kueleza habari za kozi, na wanafunzi waliohama wote kwa pamoja baada ya kuongea na mwakilishi wao, na mwenyekiti aliyemwambia kama ni hivyo mkataba wake hauna kazi, ndipo mzee alipogeuka akamtazama binti yake. Lilikuwa jicho la mshangao, na ndani ya mshangao ule Nanzala aliona kitu kingine ambacho alikitaka mno kiwe fahari.

"Binti yangu," Sitati alisema.

"Daktari," Nanzala akamjibu.

"Mimi ni baba yako. Bakoki wa baba yako ni nani kwako? Mtoto hawezi kuchukua chakula kwa mdomo ya baba yake."

"Baba yangu aliingia kwa chifu na simiti kwa bega. Wewe ulikuwa unaangalia mabati."

Sitati akainamisha kichwa. Alikuwa amekonda. Mtu mwingine angemhurumia, na yamkini msomaji unamhurumia, lakini Nanzala aliangalia kola ya shati lake iliyochakaa akaona inampendeza. Sitati alisema alikosa, anajua alikosa, hajalala vizuri tangu siku ile. Simiti iliyokosekana iliuzwa na shemeji yake. Aliligundua mapema, na siku ile kwa chifu mkewe alikuwa amesimama kando yake akimtazama, naye akaogopa kwamba akifungua mdomo kuhusu nusu mfuko mmoja ataulizwa kuhusu mingine. Alikuwa akiomba msamaha. Alikuwa hata tayari kupiga magoti, akaanza kuinuka kwenye kiti.

"Kaa," Nanzala alisema. "Hapa ndani sisi wote tunajua. Enda useme kwa wale hawajui. Jumatatu asubuhi, pale base, mafundi wakiwa wamejaa."

Sitati aliomba aandike barua isomwe kanisani. Nanzala akakataa. Aliomba amwendee naibu wa chifu faraghani. Nanzala akakataa pia. Mwishowe mwanamume akafikia pale alipokuwa akisukumwa.

"Nikisema, utawaambia warudi kwa class?"

"Sema kwanza."

Aliliacha hapo, na alilichagua neno hilo kama mtu anayechagua nyama buchani, asitiwe mfupa asioutaka. Mwanafunzi bora wa somo la mantiki katika mwaka wake, somo ambalo Sitati mwenyewe ndiye aliyemfundisha, hangetoa ahadi kwa bahati mbaya. Sitati alilisikia kama ndiyo, kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kulisikia vinginevyo. Chai aliinywa yote, chungu vile vile, kisha akaenda zake na sukari yake. Murunga aliinuka kwenye kiti chake. Alimsindikiza mgeni hadi kwenye uzio, akarudi, akakaa.

Nasambu alicheka peke yake jikoni hadi giza likaingia.

*

Jumatatu kulikuwa na ubaridi ule wa Eldoret unaokata masikio. Mafundi walijaa njia panda wakiwa na makoti mazito, ndoo na miiko miguuni, wengine wakinywa uji wa mama muuzaji kando ya barabara. Murunga alikuwa amekaa mahali pake, mwisho wa mstari. Nanzala alisimama hatua chache nyuma yake, na hakuna aliyemuuliza anatafuta nini.

Sitati alifika akiwa amevaa suti. Alisalimia, akajitambulisha, kana kwamba kuna asiyemjua mwenye ule ukuta. Alianza vibaya. Alisema miaka iliyopita palitokea hali ya kutoelewana kati yake na rafiki yake, na kwamba katika maisha kutoelewana hutokea, na mwanadamu kwa asili yake... Fundi mmoja akapiga mwayo. Hapo Nanzala akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Daktari, hawa hawajakuja lecture."

Sitati akanyamaza. Akavua miwani. Alipoongea tena, sauti ya darasani ilikuwa imemtoka.

"Ile simiti mlimuona Murunga akibeba, mimi ndio nilimpa. Nilimpa na mkono yangu. Waliniuliza kwa chifu nikanyamaza. Hakuiba. Shemeji yangu ndiye aliiba, na mimi nilijua."

Yule mama wa uji alishikilia kata hewani. Mwanamume mmoja ambaye kwa miaka alikuwa wa kwanza kuita Nusu Mfuko kila Murunga anapopita, aliinama akaanza kufunga kamba za kiatu kilichokuwa kimefungwa tayari. Nanzala alitazama uso wa Sitati uliokuwa ukitetemeka mashavuni, akautazama kwa kushiba, kama mtu aliyefunga siku nyingi na sasa amewekewa sinia. Alitaka aendelee. Alitaka ayarudie tangu mwanzo.

Sitati akamgeukia Murunga, akamwambia mbele ya wote, "Bakoki, nimesema. Sasa mtoto atanirudishia darasa?"

Murunga aliinuka polepole. Alipangusa kiganja kwenye suruali, akaupokea mkono wa Sitati, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya chifu wale watu wakamsikia akiongea kwa sauti iliyotoka kifuani.

"Umesema, bakoki. Imeisha. Mtoto ataenda leo atawaambia. Mimi ndio nimesema hivyo, na hawa wote wamesikia."

Msimamizi mmoja aliyeitwa Kipkorir, ambaye alikuwa na mjengo mkubwa upande wa Chepkoilel, alikuwa amesikiliza yote akiwa ameegemea pikapu yake. Alimwendea Murunga akamuuliza kama bado anaweza kupiga lipu. Murunga alisema anaweza. Kipkorir akamwambia kesho aje na mwiko wake, kazi ipo ya miezi, na akaongeza kwamba mtu anayesamehe namna hiyo mbele ya watu ni mtu wa kuachiwa funguo za stoo. Mafundi wakacheka, wakampigapiga mzee begani. Wengine walimwita kwa jina lake.

Nanzala aliondoka kwenda chuoni akiwa anatembea haraka. Angepaswa kuwa na furaha, na furaha alikuwa nayo, ila katikati yake kulikuwa na kitu kilichomkera. Baba yake alikuwa ameupokea ule mkono upesi mno. Miaka yote ile ya kukaa mwisho wa mstari, na mtu analipa kwa maneno machache tu, kisha anarudi kwenye kozi yake, chaki yake na vichekesho vyake? Yeye hakuwa amesema imeisha.

*

Alasiri Sitati alikuwa ofisini kwa mwenyekiti wa idara, na Nanzala akaitwa. Daktari Wangeci alikuwa na haraka. Alieleza kwamba usajili unafungwa saa kumi na moja, kwamba Daktari Sitati anadai wanafunzi wako tayari kurudi kwenye Falsafa ya Haki, na kwamba kama mwakilishi wa darasa akithibitisha, yeye atawahamisha wote wanaotaka kwa mkupuo mmoja. Sitati alikuwa kando ya kabati la faili, bado na suti yake ya asubuhi. Alimtabasamia Nanzala. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyelipa anachodaiwa.

"Ni kweli?" Wangeci aliuliza. "Mliongea? Wanafunzi wanarudi?"

Nanzala alifungua mdomo. Alimfikiria Nur, aliyekuwa akingoja kwenye ngazi, simu mkononi. Kisha akamwona baba yake na shati lililogandamana na simiti, akaifunga midomo. Akainua macho. Dari la ofisi ile lilikuwa na doa la maji pembeni, akaliangalia.

Sitati alielewa kabla ya Wangeci. Uso wake ulianguka taratibu. Hakumwita binti yangu.

"Nanzala, nakuuliza," Wangeci alisema.

Nanzala aliendelea kuliangalia lile doa hadi Wangeci akapumua kwa nguvu, akavuta kibodi, akasema basi kozi imefutwa, na kwamba hana muda wa michezo ya watu wazima. Sitati alitoka kwanza. Alipita karibu na Nanzala kiasi cha kusikika pumzi, na alipofika mlangoni alishika fremu kidogo kabla hajatoka. Nanzala alihisi utamu ukimpanda mwili mzima. Huo, alijiambia, huo sasa ndio mwisho wenyewe.

Nur alimuuliza imekuwaje. Akamwambia. Nur hakugomba. Aliweka simu mfukoni, akashuka ngazi, akaenda zake bila kuaga, na Nanzala akasema moyoni kwamba atapoa.

*

Jioni Nasambu alikuwa amepika kuku. Murunga alikuwa ameunoa mwiko wake na kuufunga kwenye kitambaa, buti ziko mlangoni, zimepakwa mafuta. Alikula kwa hamu, akasimulia tena jinsi Kipkorir alivyosema kuhusu funguo za stoo, kisha akamuuliza binti yake kama wenzake wote wamerudi kwa Sitati au ni baadhi tu.

Nanzala alimwambia. Alimsimulia vizuri, hata na lile doa la dari, akingoja baba yake apige paja kwa kicheko. Nasambu ndiye aliyecheka, akasema dawa ya moto hiyo. Murunga aliliweka paja la kuku kwenye sahani.

"Lakini mimi niliahidi," alisema.

"Ni wewe uliahidi, Baba. Mimi sikuahidi. Na sikudanganya mtu. Nilinyamaza tu."

"Hata yeye alinyamaza tu."

Nasambu alikatiza, akamwambia mumewe asianze kumtetea mtu aliyemvua nguo mbele ya ulimwengu. Murunga akamjibu kwamba hamtetei. Sitati na afe njaa kama anataka, hilo si neno. Neno ni kwamba kesho asubuhi atasimama pale base, na Sitati kufikia hapo atakuwa amemwambia kila mtu. Yeye Murunga ameacha kuwa mwizi asubuhi, na jioni hii ni mwongo.

"Miaka yote nilikuwa naitwa kitu sikufanya," alisema. "Hiki nimefanya. Watu wamesikia nikiahidi. Kipkorir amenichukua kazi juu ya hiyo maneno."

Hakupaza sauti. Alinawa mikono, akaenda kuziondoa buti mlangoni, akaziweka chini ya kiti. Kisha akamwambia Nanzala kwamba kesho wataenda pamoja.

Nanzala alikataa. Alisema ana darasa, akasema hana cha kuwaambia mafundi, akasema Sitati alistahili mara mia. Yote hayo aliyasema akiwa amesimama katikati ya chumba, na baba yake alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, na hakubadilisha neno.

*

Mafundi walikuwa wamekwisha kusikia. Ilijulikana kwa namna walivyosalimia, nusu nusu, macho kwenye ndoo. Kipkorir alikuwa amekaa kwenye pikapu, injini inanguruma, mafundi wengine wamepanda nyuma tayari. Hakumwita Murunga. Hakumfukuza pia.

Murunga alisema, "Huyu mtoto yangu ako na maneno," akasogea kando.

Nanzala akajikuta amesimama pale pale Sitati aliposimama jana. Watu wote walimtazama, hata mama wa uji. Macho yake yakataka kupanda juu yenyewe, kwenye mawingu, mahali popote pasipo na uso wa mtu, na ilimlazimu kuyashusha kama mtu anayevuta ng'ombe kwa kamba.

"Baba alisema nitarudisha darasa ya Daktari Sitati," alisema. "Sikurudisha. Baba hakujua. Mimi ndio nilimfanya mwongo."

"Mbona hukurudisha?" Kipkorir aliuliza kutoka dirishani.

"Nilitaka aumie."

"Na leo? Ungepewa leo, ungerudisha?"

Angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa jambo jepesi na wote wangelipenda. Alimtafuta baba yake kwa macho, na baba yake alikuwa akitazama barabara.

"Hapana," alisema. "Singerudisha."

Hakuna aliyecheka. Kipkorir akasema basi aliyedanganya si mzee, akampigia Murunga ishara kwa kichwa apande. Mzee aliokota mwiko wake uliofungwa kwenye kitambaa, mtu mmoja akamnyooshea mkono kutoka juu, akapanda, wenzake wakamsogezea nafasi. Nanzala alinyanyua mkono kumuaga. Pikapu iligeuka ikashika barabara ya Chepkoilel, na baba yake alikaa akiwa amempa mgongo, akiongea na mtu wa kando yake kuhusu lipu.